Steki niliyompikia mama yake Pili

Jumapili, jioni. Hapa mtaani kwetu Ng'ambo kuna lile joto la kusubiri mvua, na upepo unaleta vumbi mpaka kwenye sufuria. Nimeoga mara mbili. Nimefagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa. Kukaa siwezi.

Leo mama yake Pili ameonja nyama yangu.

Kwa wasionijua, mimi ni Shabani, kijana wa bucha, kisu kikali kuliko vyote mtaani. Shule niliiacha kidato cha pili, nadhani bado inanitafuta. Lakini nipe mguu wa ng'ombe, nitakuonyesha kila kiungo nikiwa nimefumba macho. Ndiyo maana Pili, mchumba wangu, aliponiambia mama yake ana wasiwasi na kijana anayekatia watu nyama huku hajui hata kuwasha jiko, nikacheka. Nikasema aje kutoka kijijini kwao Ntalikwa, nitampikia mwenyewe. Akiridhika, natuma washenga. Asiporidhika, nibaki na kisu changu.

Hakuna aliyenilazimisha. Mdomo wangu tu.

Nikachagua steki, kilo mbili, haina mfupa wala mshipa. Hesabu yangu ilikuwa hivi: steki wanachukua wenye magari, muundi, ile nyama ya mguu yenye mfupa na mishipa, wanachukua wenye watoto wengi na sufuria kubwa. Sasa mama mkwe nimpe mguu wa ng'ombe? Nikakata minofu kama ngumi, nikaitia sufuriani saa mbili asubuhi, chumvi juu, mkaa umejaa jiko.

Mama akapita, akachungulia. "Shabani mwanangu, steki unaichemsha ya nini?"

"Mama, leo pumzika. Hii kazi niachie."

Saa nne nikaonja. Ngumu. Nikaongeza maji, nikaongeza mkaa. Saa sita nikaonja tena: kavu, nyuzi nyuzi, kama natafuna kamba ya katani. Nikakimbia bucha kwa bosi wangu, Mzee Seif.

"Steki haina cha kuyeyuka," akasema, hata kisu hakukiweka chini. "Hiyo unaikata nyembamba, unakatisha nyuzi, kikaango cha moto, dakika chache umetoa. Ya kuchemsha ni muundi. Moto mdogo, mfuniko umekaa, saa tatu, saa nne, ile mishipa inalainika yenyewe. Mwaka wa pili huu unakata nyama hapa, hukuwahi kuuliza?"

Sikuwahi. Nilidhani kukata ndiyo kujua.

Kubadili nyama sikuwa na muda: saa saba wageni wakaingia, Pili kabaki kwao. Kwetu mkwe hali na mkwe, kwa hiyo mama yake Pili na mama yangu walikula ndani, mimi nikabaki jikoni uani. Hata usoni sikutakiwa kumtazama. Habari zikawa zinaletwa na Tatu, mdogo wake Pili, mwenye kazi ya kubeba sahani na maneno.

"Shemeji, mama anatafuna."

"Bado?"

"Kile kile cha kwanza."

Nikachochea jiko ambalo halikuwa na kitu juu yake.

Kisha sahani ikarudi. Wali umekwisha, mchuzi umefutwa, nyama haijabaki hata kipande. Mwanaume nikapanua kifua. Nikamwambia Tatu akatangaze Ntalikwa nzima kwamba mpishi amepatikana. Akanisubiri nimalize.

"Ameifunga kwenye kitambaa, shemeji. Vipande vinne, viko kwenye mkoba. Mama yako hajaona."

Kifua nilichokipanua nikakirudisha.

Angeweza kuviacha pembeni mwa sahani, kila mtu akaona. Meno yake yenyewe ya kuhesabu. Lakini alivificha, na tangu mchana nageuza jambo hilo kichwani. Mtu anamfichia nani aibu? Mwenyeji ambaye kwake hatakanyaga tena, au mtu anayeanza kumhesabu kuwa wake?

Walipokuwa wanaondoka nikamvuta Tatu pembeni, nikamuuliza mama yake kasema nini.

"Kasema siku nyingine nyama yake usiiondoe mifupa."

Siku nyingine. Inaweza kuwa ahadi, inaweza kuwa adabu tu. Pili nimempigia mara tatu, anasema mama yake hajaongeza neno.

Nimerudi kwa Mzee Seif, nikamwomba muundi. Kaniwekea, hakunicheka, na hiyo imeniuma zaidi. Kesho alfajiri naubandika, mkaa kidogo. Mchana naubeba mpaka Ntalikwa, namkabidhi Tatu mlangoni na ujumbe mmoja: mama, nyama ya jana ilikuwa ngumu, nami najua. Washenga siwataji.

Ila kwanza kuna hizo saa nne za kukaa kando ya sufuria bila kufunua mfuniko, bila kuongeza mkaa, bila kumwambia mtu yeyote jinsi ninavyojua kupika.

Nitaweza?