Siku ya Kumlisha Khoat

Jumatano, 9 Oktoba 1996

Kapteni Huynh kaja tena na kinasa sauti chake. Jeshi linataka maisha ya Baba yaandikwe kabla hajatutoka. Hawakusema hivyo, ila ndivyo. Ana miaka sabini na saba, mapafu yamechoka.

Leo alisimulia vizuri. Alivyoacha kufundisha shule ya kijiji akaingia msituni, bunduki moja kwa watu wanne. Walivyokokota mizinga kwa kamba kupanda mlima kuwafuata Wafaransa. Mpaka alipokabidhiwa divisheni nzima kule kusini. Mimi namimina chai, najivuna kimoyomoyo.

Kisha Kapteni akauliza habari za kivuko, ule ushindi wa tarehe tatu Aprili. Baba akasema kikohozi kimembana, waendelee wiki ijayo. Hakukohoa hata mara moja.

Shangazi Nhan alikuwa anachambua mboga mlangoni. Akasema, "Kaka yangu kawashinda Wamarekani, leo kashindwa na kidude cha betri."

Baba hakucheka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mwezi mpya. Sikula nyama. Nimetoka kusali pagoda na moyo mweupe, nikaharibu nilipofika nyumbani.

Tangu tufani ya Agosti iondoe paa lake, Shangazi anakaa kwetu. Kwa hiyo siku ya kumlisha Khoat mwaka huu itafanyika hapa, Jumatano ya tarehe 23. Khoat, mwanawe wa pekee, binamu yangu. Aliondoka kwenda vitani siku ya kumi na mbili ya mwezi wa tisa kwa kalenda yetu ya mwezi mwandamo, mwaka sitini na sita. Marehemu hulishwa siku aliyokufa, lakini karatasi ya kifo ya Khoat haikutaja siku wala mahali. Basi Shangazi, kama akina mama wengi, anamwandalia chakula siku ile aliyoondoka.

Baba kaniuliza kwa sauti ndogo, haiwezekani ifanyike kule kwake, chini ya turubai? Nikamgombeza. Kila mwaka ana udhuru — mkutano, hospitali, wageni. Hupeleka matunda, mwenyewe haendi. Nikamwambia, "Baba, huyo ni mtoto wa dada yako. Huoni hata haya?"



Jumapili, 13 Oktoba

Laiti nisingesema yale ya jana.

Shangazi alikuwa sokoni. Nilikuwa namkata Baba kucha. Akaanza kusema bila kuulizwa, kama anayetoa ripoti.

Khoat alikuwa kwenye divisheni yake, mpeleka ujumbe. Pale kivukoni waya wa simu ulikatika. Kulikuwa na kikosi ng'ambo kilichopaswa kuambiwa kisirudi nyuma. Wajumbe wawili walishakwenda, hawakurudi. Zamu ya tatu ilikuwa ya kijana mwingine. Lakini maofisa walikuwa wanamtazama Baba. Akamtaja Khoat, ili asitokee wa kusema kamanda anaficha wa kwao.

Siku zote Khoat alimwita Mjomba, hata mbele ya askari, akikemewa anacheka. Siku ile alipiga saluti. Akasema, "Ndiyo, Kamanda."

Baba akavuta mkono wake kutoka kwangu. "Mwanangu Thuc, angeniita Mjomba, ningemrudisha." Halafu, "Nadhani ningemrudisha."

Ujumbe ulifika. Kivuko kikashikwa. Khoat alipigwa risasi akiwa njiani kurudi. Baba alimzika mwenyewe kwenye kona ya kijito, akapanga mawe matatu. Tarehe tatu Aprili, mwaka sitini na nane. Na karatasi ya kifo aliiandika kwa mkono wake, akaacha siku bila kuijaza.

Tarehe tatu Aprili! Kila mwaka wenzake hujaa humu ndani, wanainua vikombe kwa ule ushindi. Mpishi ni mimi. Na Shangazi huja alfajiri kunisaidia kukunja sambusa za manda ya mchele. Anakunja, anatania wazee. Siku aliyokufa mwanawe.

Nimefungua kalenda ya mwezi mwandamo ya mwaka ule. Ilikuwa siku ya sita ya mwezi wa tatu. Siku hiyo ndiyo angetengewa sahani yake. Miaka ishirini na minane hajatengewa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemwomba Baba amwambie kabla ya Jumatano. Kasema baadaye. Kasema dada yake ana faraja hiyo moja, amnyang'anye?

Nimekwenda pagoda kumwambia mtawa. Nimefagia ua wote, nikarudi bila kufungua mdomo. Sijui namhurumia Shangazi au nalinda jina la nyumba hii. Nisamehewe.

Jumanne, 22 Oktoba

Shangazi anachemsha kambare kwa tangawizi, polepole, alivyopenda Khoat. Anafuta zile sarafu zake mbili za shaba iliyogeuka nyeusi, kila moja imepakwa chokaa upande mmoja. Mwisho wa chakula huzirusha sahanini kumwuliza kama ameshiba. Moja nyeupe, moja nyeusi — ameshiba, toa vyombo. Zikifanana, bado.

"Mwanangu ana maringo," ananiambia. "Mwaka jana kanirushisha mara saba. Wenzake wanashiba mara moja."

Nikatoka nje kama ninayefuata kuni.

Baba kaniambia niteremshe ukutani picha ya kivukoni. Nimeiteremsha. Pamebaki alama nyeupe.

Jumatano, 23 Oktoba

Ubani uliwaka, ukaisha. Baba alikaa kitini na shati safi, hakusingizia chochote. Shangazi akarusha sarafu. Nyeupe zote. Tena. Nyeusi zote. Mara ya tano anacheka peke yake, "Kula basi, mwanangu, wali unapoa."

Alipoziokota mara ya sita, Baba akasema, "Nhan, usirushe. Leo si siku yake."

Shangazi alidhani kachanganyikiwa. "Kaka, nitasahauje siku aliyonitoka mlangoni?"

Baba akaniambia nitoke, nifunge mlango.

Naandika hapa jikoni, nimekalia gunia la mchele. Nilisikia sauti ya Baba, ya chini, ndefu. Ikakata.  Sikusikia kilio.

Sasa nasikia sarafu zinagonga sahani. Kimya. Zinagonga tena. Sijui Shangazi anamwuliza Khoat nini. Baba anakohoa, kikohozi cha kweli, na hakuna aliyeniita — zinagonga tena