Mifano ya Ngina

"Mum, hizo si za kushikia sufuria." Ngina, binti yangu, aliniambia hivyo mbele ya wamama wote wa kanisa.

Nikamjibu, "Ni vitambaa tu, wacha madharau." Ndululu, mmoja wao, akacheka, "Na haviunguzi mkono."

Vitambaa tu. Nilisema hivyo.

Kumbe ni mifano ya mishono ya Ngina, majani na mawimbi, ile anashona akizungusha kitambaa kwa mkono chini ya sindano ya cherehani. Kesho mteja anatoka Riruta kuchagua mshono wa blanketi lake. Yote imejaa masizi na mchuzi.

Hakulia. Alivikunja akasema, "Sawa, Mum." Nimeaibika vibaya.

Nimeshusha pazia langu jipya, nimelikata vipande. Pamba ya kuweka katikati nimetoa kwa mto wangu. Ngina ameshaanza kushona mifano mipya.