Kicheko Ambacho Sikukiandika

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimesikia uko Mnyambe unapalilia mikorosho, na simu umeizima. Barua hii sijaifunga. Dereva anayekuletea akitaka kuisoma, aisome, na abiria wake nao. Jambo lenyewe limeshasemwa Masasi nzima, ila limesemwa vibaya, na chanzo ni mimi.

Unakikumbuka kikao cha klabu cha kabla ya fainali? Mwenyekiti alikuwa ameniagiza, "Binti, andika kila neno. Usichague." Alipouliza nani ataongoza msafara, wewe ulinyoosha mkono. "Mimi. Timu ni yangu, na huyu mwenyekiti Myao naye ni mtumwa wangu. Babu yangu alimpata kwa kikapu cha mihogo mikavu." Wajumbe walipiga meza. Mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani. "Mmakonde wewe! Na mikono hiyo ya kuchimbia panya, kombe utalishika vipi?"

Maneno yako niliyaandika. Jibu lake niliona si heshima kuliandika, panya kwenye kinywa cha mwenyekiti. Na chuoni tulifundishwa kwamba kicheko hakiingii kwenye muhtasari.

Sikuona hatari yoyote; Mmakonde na Myao ni watani. Nilikuwepo Lupaso siku tulipomzika mama yake mwenyekiti, wewe mtani wake ukajilaza ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka upewe jogoo. "Bibi huyu ni mke wangu, siwezi kumwacha peke yake!" Mwenyekiti alikuwa analia, akacheka, akaagiza jogoo aletwe. Baadaye aliniambia kwamba bila wewe siku ile asingeweza kusimama.

Kisha ukalileta kombe. Nadhani wewe hukuona kilichotokea uwanjani mlipofika, kwa sababu ulikuwa juu ya mabega ya watu. Mimi nilikuwa jukwaani, nyuma ya mwenyekiti. Hotuba yake nilikuwa nimeichapa mimi, kurasa tatu. Alipoanza "Ndugu wanachama," akina mama walikuwa wanapiga vigelegele wakiliita jina lako, na msafara ukatoka getini pamoja nawe. Alibaki na viti. Ulinipigia kelele kutoka kule juu, "Karani, mwambie mtumwa wangu afunge mlango akimaliza!" Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikunja kurasa zake, akazitia kwenye mfuko wa shati.

Jumatatu aliomba faili la vikao. Alisoma akiwa amesimama. "Timu ni yake. Mimi mtumwa wake. Uliandika wewe?" Nikajibu, ndiyo, mzee. "Basi ndivyo ilivyokuwa." Barua ya kukusimamisha ualimu wa timu niliichapa mchana huohuo. Ulipokuja kuichukua uliniuliza jambo moja tu: "Mama, na panya umeniachia wapi?" Nilikusogezea daftari utie sahihi. Ulitia, ukaenda zako.

Tangu hapo nimejaribu kulitazama jambo hili kwa utulivu. Mwenyekiti si mtu mbaya. Kazi hii ni yeye aliyenipa, wakati hakuna mwingine aliyenitaka. Sidhani alikasirishwa na utani. Alikasirishwa na viti vitupu, na hilo mtu mzima hawezi kuliandikia barua. Karatasi yangu ilimpa sababu inayoandikika.

Jumamosi ni mkutano mkuu. Wanachama wataamua kama uondoke moja kwa moja, na mimi ndiye nitakayesoma muhtasari. Ameniambia, "Soma kama ulivyo." Nitausoma kama ulivyo. Lakini kabla haujathibitishwa, mwandishi anaruhusiwa kusahihisha, na nimeandaa mistari miwili: kwamba wajumbe walipiga meza na mwenyekiti akacheka hadi akavua miwani, na kwamba alijibu kuhusu mikono ya kuchimbia panya. Nimefanya mazoezi ya kuisoma nyumbani. Kila nikifika kwenye panya naanza upya.

Akinifukuza, nitakuja huko kukuokotea korosho. Nimeshamwambia mama yangu.

Kwa hiyo nakuomba, Mwalimu, panda gari la asubuhi. Kaa nyuma kabisa, usijitetee, usitaje kombe. Mtazame usoni nitakapofika kwenye mstari wa pili. Akicheka, hata kidogo tu, usimwombe radhi wala usimpe heshima yoyote. Simama umdai jogoo.

Nakusubiri mlangoni, nimekuwekea kiti.

Mwanao wa ofisini,
Karani