Turubai Lililoanikwa Mlangoni

Shikamoo Mama,

Nakuandikia nimeshiba. Jana mimi na Hamisi, mwenzangu wa kazini, tulivuka Kigamboni na baiskeli, tukaendesha kutwa kando ya bahari, tukalala ufukweni chini ya turubai. Mvua ikatukuta. Asubuhi nimerudi Kariakoo mchanga hadi masikioni, macho mekundu kwa chumvi. Nikalitundika turubai nje ya mlango likauke, nikaingia kuoga, usingizi ukanipitia.

Natoka, nakuta mikeka imetandikwa na akina mama wamekaa kimya, wamejitanda khanga. Jirani yangu Mama Zubeda akanishika mkono.

"Pole mwanangu. Tumeona turubai la msiba. Nani katutoka?"

"Hakuna, mama. Naanika tu."

Akalitazama turubai, akanitazama macho. "Na mchele nimeshauosha," akasema. "Haya, tutaula kwa uzima wako."

Tumeula kwelikweli, Hamisi naye akaja, kaongeza mara tatu.

Nisalimie wote hapo Masasi. Ulihofu nikipatwa na jambo huku mjini hakuna atakayejua. Lala usingizi, mama yangu. Huku wanajua hata kabla halijatokea.

Mwanao,
Issa