Kapteni Anders, Usimwite Mwanangu

Mzee Anders,

Hunijui. Mimi ni Mkenya, mtu wa Nyeri, nimeolewa katika ukoo wako, na tunaishi Lakeville, Minnesota. Wewe una zaidi ya miaka mia tatu kaburini, kama hata kaburi unalo, na mimi nakuandikia kwa sababu naogopa.

Mwanangu wa kwanza ana jina lako. Mume wangu alitaka aitwe Kevin, nikamwambia wacha mchezo, kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na huyo babu ni Anders. Kumbe babu naye alipewa jina lako! Mama mkwe aliniambia mtoto akiwa ameshabatizwa, akanionyesha picha yako sebuleni kwake: upanga kiunoni, masikio yametokeza. Na kwetu mtoto akibeba jina anambeba na mwenyewe. Nilikuwa nikimbadilisha nepi huku namwambia, "Tulia bwana, Kapteni!" Tulicheka sana.

Sasa sicheki. Juzi nimetoka kazini Burnsville, kwenye nyumba ya wazee, nikamkuta jikoni amenyoa kipara. Amesaini jeshi. Anaondoka Jumatatu. Ananiambia kwa Kiingereza chake nisijali, na mimi natazama yale masikio ya picha yako.

Maisha yako nimesimuliwa yote. Ile nyumba mliyokaa na mkeo Brita haikuwa yenu. Mfalme wa Uswidi aliwapa maofisa wake nyumba na shamba badala ya mshahara, na cheo kikienda kwa mwingine, nyumba nayo inaenda. Ukamchukua mwanao mkubwa, miaka kumi na saba tu, mkaenda kupigana Urusi. Brita akabaki analima na kungoja. Hakuna mtu aliyemletea habari. Siku moja mkokoteni ukasimama mlangoni, akashuka kapteni mpya na mkewe na vyombo vyao. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba umekufa. Kuhusu kijana wenu hakuambiwa kitu maisha yake yote. Akaondoka pale na mtoto mdogo mgongoni, na huyo mdogo ndiye aliyeuzaa ukoo huu.

Yaani, mzee, siku hizi gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba yangu nakimbilia dirishani. Jana alikuwa mtu wa kuleta vifurushi tu, jameni, nikajifungia bafuni nikalia. Mume wangu anasema mambo ya leo si kama ya zamani. Labda. Lakini usiku naye halali, namsikia akijigeuza.

Sikutukani. Ulimtaka mwanao karibu, ukadhani ukiwa naye hatapatwa na kitu. Mimi pia ningemfuata wangu kama wangeniruhusu.

Jumatatu nitampeleka mwenyewe na sitalia mbele yake. Na wewe nakuahidi hivi: sala zangu zote zitakutaja, wewe na kijana wako, mpumzike pamoja. Ila jina hili linaishia hapa. Hakuna mtoto mwingine wa nyumba hii atakayelibeba.

Kwaheri, mzee wetu. Lala. Naomba kitu kimoja tu, nakusihi kama mama: akiwa huko mbali, usimwite. Nimemlea na adabu. Akiitwa na mzee, huwa anaitika.