Moshi Haiko Kitu

Mpendwa mke wangu, Mama Chantal,

Kuna jambo nililokuficha mpaka ukazikwa bila kulijua. Sasa pumzi yangu nayo imekuwa fupi, na sitaki kukukuta huko kabla sijalisema.

Unakumbuka shirika la ng'ambo liliponiomba nipime tovuti zinazosambaza tafiti za maendeleo: kama zinafunguka hapa Kisangani, kama mtu wa kawaida anapata anachotafuta. Mimi, mtunza maktaba mstaafu, nilijivuna sana. Mtu wa kawaida nikakuchagua wewe. Ulivaa kikwembe cha kanisani, lakini mikono yako ilinuka moshi wa samaki wa kutoka Ubundu uliokuwa ukiwakausha tangu alfajiri.

"Uliza ile mashine," uliniambia, "moshi ya samaki iko inafanya nini mu kifua ya bamama?"

Ukurasa ulichelewa, kisha ukafunguka. Palikuwa na picha ya mwanamke ameinama juu ya tanuri. Ukacheka. "Eh Papa, huyu ni mimi kabisa! Banasema nini?"

Nikapitisha macho juu mpaka chini. "Haiko kitu," nikasema.

Nilitaka uelewe kwamba ukurasa hauna la maana. Wewe ukaelewa kwamba moshi hauna madhara. Jioni nilikusikia uani ukiwatania wenzako: "Muache woga, bamama! Papa amesoma mu internet. Moshi haiko kitu." Badala ya kutoka kuwasahihisha, katika ripoti nikaandika kwamba mtumiaji alipata jibu.

Kikohozi kilipokushika, hukuweza tena kulala chali. Ulikaa kitandani, mkono wako juu ya goti langu. "Bon, Papa, wewe ulisoma. Kama haiko moshi, basi ni nini?"

Mwezi uliopita Chantal alinisomea ukurasa ule ule kwenye simu yake. Kikohozi cha asubuhi, macho mekundu, pumzi inayokatika, vyote vimo. Imo pia namna ya kuinua tanuri na kuutoa moshi kwa bomba la bati. Mabati yalikuwa nyuma ya nyumba yetu, Mama Chantal, yanaota kutu.

"Papa," akaniuliza, "si hii ndiyo ilimuua mama? Mbona haukumwambia?"

Nikamjibu kwamba nimechoka.

Wewe siwezi kukujibu hivyo. Nipokee nikifika, hata kwa hasira. Ukurasa ule, ambao Chantal alinitafsiria, ulikuwa wa Kiingereza, na mimi sijui Kiingereza.

Mume wako,
Papa Chantal