Mapigo ya Tosha

Jumatatu, 9 Julai 1956
Chanjo ya ng'ombe asubuhi, hapa kituo cha mifugo Garsen. Sindano mbili zimevunjika. Mchana Mzee Omari, mkulima wa Wenje, kafika kwa mtumbwi na mbwa wake, Tosha. Ndiye anayefukuza nguruwe mwitu shambani. Fizi nyeupe, tumbo limevimba, hasimami. Mahindi yamebakiza wiki tatu kuvunwa. Bila Tosha yataliwa yote.

Jumanne, 10 Julai
Nimemkuta Daktari wa mifugo akisubiri kivuko. Kampasua juu ya meza yetu. Bandama ina uvimbe kama dafu, unavuja damu. Kaitoa yote. Sasa anahofia moyo: baada ya upasuaji huu huweza kupiga ovyo siku mbili tatu. Kaacha vidonge, nimpe mapigo yakianza kuruka. Kisha kaenda Lamu.

Jumatano, 11 Julai
Nimehesabu kifuani tangu alfajiri. Robo dakika, mara nne. 160. Nikaandika "sawa". Nikajivuna.

Kosa langu. Daktari aliagiza watu wawili, dakika nzima: mmoja kifuani, mmoja kwenye mshipa wa paja. Niliona haya kumwomba Mwislamu amshike mbwa. Mzee Omari mwenyewe kaniona nikihangaika, kafuta mikono kwa shuka. "Yeye mkavu, mimi mkavu, hakuna najisi. Nionyeshe huo mshipa, daktari mdogo."

Kifuani 168. Pajani 131. Mapigo thelathini na saba hayafiki mguuni! Aibu. Kidonge papo hapo.

Alhamisi, 12 Julai
Asubuhi 150 kwa 128. Adhuhuri 142 kwa 133. Mzee anahesabu kwa sauti, akichoka anaingia Kipokomo, lugha ya kwao.
"Wewe wa juu unazidisha," ananitania. "Mimi wa chini nasema kweli."
Jioni 130 kwa 129. Hilo pigo moja tumeligombania.

Ijumaa, 13 Julai
118 kwa 118. Tumerudia mara tatu. Sawasawa! Tosha kasimama, kanywa uji. Nimepiga kelele mpaka watu wa kivuko wakaja mbio. Sijawahi kufurahi hivi tangu matokeo ya mtihani.

Jumatatu, 16 Julai
Wameondoka. Daktari alisema uvimbe unaweza kurudi. Nimemwambia Mzee. Kasema mavuno yatawahi.

Wakati wa kupanda mtumbwini Tosha kamlamba Mzee mkono, mate tele; sasa si mkavu tena. Mzee kashuka tena, kauosha mtoni mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama dini yake inavyotaka. Alihesabu kwa sauti, polepole, bila kuruka hata moja. Alikuwa anacheka.